Kiyoyozi cha Mzee Nurdini

Paskazia Mhoja ni fundi wa viyoyozi hapa Tabora mjini, na mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta huko Ipuli miaka kumi na mmoja sasa. Ni mfupi, mnene kidogo, mwenye mikono myepesi. Ukimkuta njiani na pikipiki yake utaona vyombo alivyovifunga nyuma: ngazi fupi, ndoo mbili zilizopachikana, na bomba la mgongoni, lile la kunyunyizia dawa mashambani. Bomba hilo halijawahi kutiwa dawa. Alilinunua jipya kwa ajili ya maji tu, na wanaomuuliza anakwenda kupulizia tumbaku ya nani huwajibu kwamba anakwenda kuogesha.

Kuogesha ndilo neno lake. Mafundi wenzake husema wanakwenda kufanya sevisi. Yeye atakwambia, "Leo nina watatu wa kuogesha, wawili Cheyo na mmoja Isevya," na mgeni asiyemjua hudhani ni mkunga.

Alizaliwa Goweko, nyumba ya wakulima wa tumbaku. Baba yake, mzee Mhoja, alikuwa na mabani mawili ya kukaushia, yale ya tofali yenye tanuri kwa nje na mabomba makubwa ya bati yanayopita ndani, chini ya majani, kupeleka joto. Bomba likijaa masizi au likitoboka, moshi huvujia ndani na tumbaku yote ikaharibika. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya msimu wa kukausha ilibidi mtu aingie akayakwangue, na mtu huyo alikuwa Paskazia, kwa sababu siku hizo alikuwa mwembamba na haogopi giza. Baba yake alikaa mlangoni akimwelekeza kwa Kinyamwezi agonge wapi na akwangue wapi. Alitoka humo mweusi mpaka kope, mama yake akimngoja na beseni. Alikuwa na miaka tisa, na tayari aliweza kusema kwa kusikiliza mlio wa bati ni sehemu gani imeziba.

Alipomaliza darasa la saba alikuja mjini kwa shangazi yake, akapata kazi ya kufanya usafi katika gesti moja karibu na stesheni. Chumba namba sita cha gesti hiyo kilikuwa na kiyoyozi, na wageni waliolala humo walikuwa wakiamka na mafua na kulalamika kwamba joto liko palepale. Aliitwa fundi Lukumani, ambaye kwa wakati ule ndiye aliyekuwa akitajwa na kila mtu mwenye kiyoyozi mjini. Mzee huyo alipanda ngazi, akasikiliza kidogo, akasema gesi imepungua, akaongeza gesi, akaondoka. Baada ya wiki mbili akaitwa tena. Mara ya tatu Paskazia, ambaye ndiye aliyekuwa akimshikia ngazi, alimuuliza kwa adabu kama hicho kitu kimewahi kufunguliwa ndani.

Lukumani alimwambia akifungue yeye, basi, kama anataka. Akapanda. Alipochomoa chujio alikuta limevaa vumbi zito kama kipande cha blanketi, jekundu upande mmoja na jeusi upande wa pili. Akaliosha kwa sabuni ya unga, akalianika kivulini, akalirudisha. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi mpaka mhudumu wa mapokezi akaja kuangalia kuna nini. Lukumani alikaa kitandani akimtazama msichana yule, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Alijifunza kwake miaka minne. Lukumani alimfundisha umeme, akamfundisha gesi, akamfundisha kutoshika waya kabla ya kwenda mwenyewe kuzima swichi kuu, hata kama mwenye nyumba ameapa kwamba ameshaizima. Subira ya uchafu hakuhitaji kufundishwa. Mzee huyo sasa amepumzika kwa mwanawe Bukene, na kila akipiga simu swali lake la kwanza ni kama Paskazia bado anapanda juu ya mapaa na viatu vya kuteleza.

Tabora si mji wa viyoyozi vingi kama Dar. Kwetu baridi ya Juni na Julai inatosha kumfanya mtu atafute sweta. Lakini ikifika Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua linakaa juu ya bati kama limekodi chumba, na upepo unabeba vumbi lote la barabarani hadi ndani ya makabati. Ndiyo miezi ambayo Paskazia haonekani nyumbani. Na ana tabia moja ambayo imempa sifa na imempotezea wateja pia: akimaliza kuosha haondoki mpaka mwenye nyumba aje aangalie ndoo. Humwita, humsimamisha mbele ya yale maji meusi, na kumwambia hayo ndiyo aliyokuwa akiyavuta usingizini. Wengine hushukuru. Wengine, hasa wakubwa wa ofisini, huona wamevuliwa nguo.

Nimesema hayo ili mtu aelewe ni mwanamke wa namna gani aliyeitwa Gongoni, nyumbani kwa Bi Zuwena, mwaka juzi mwezi wa Oktoba.

Nyumba ya Bi Zuwena ni ya zamani, kuta zake za udongo ni nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani akanyoosha miguu. Babu wa babu wa mumewe alifika na misafara akitokea pwani, alikuwa akielekea Ujiji, akaoa hapa na safari ikaishia hapa. Mumewe, mzee Nurdini, alikuwa fundi cherehani wa kanzu. Miaka yake ya mwisho aliugua moyo, na joto la kiangazi lilimbana pumzi mpaka akawa analala amekaa. Mtoto wao wa kiume aliyeko Dar akanunua kiyoyozi, kikafungwa chumbani kwa wazazi. Mzee alikikejeli mwezi wa kwanza, akisema anagandishwa kama samaki wa kusafirishwa. Mwezi wa pili alikuwa hataki kizimwe.

Kila Alhamisi baada ya alasiri mzee Nurdini alifunga madirisha, akaweka chetezo sakafuni, akafukiza udi. Kisha akakaa kitandani na kazi ndogo ya mkono, kudarizi shingo ya kanzu au kushona vifungo, kiyoyozi kikivuma juu ya kichwa chake. Alifanya hivyo miaka sita. Na kiyoyozi cha namna ile hakileti hewa kutoka nje. Kinavuta hewa ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha. Kwa hiyo kila kilichokuwamo chumbani kilipita tumboni mwake mara elfu na elfu: moshi wa udi, mafuta ya karafuu aliyojipaka magotini, nyuzi za vitambaa, na yeye mwenyewe.

Mzee alifariki mwezi wa nne. Bi Zuwena alikaa eda katika chumba hichohicho, akatoka eda mwezi wa nane, joto likaanza kupanda. Siku moja alasiri, akiwa peke yake, alibonyeza rimoti kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kiyoyozi kikaguna, kikafungua mdomo, na mzee Nurdini akaingia chumbani. Ndivyo alivyomweleza Paskazia baadaye. Alisema hakuona kitu wala hakusikia sauti. Ilikuwa harufu tu, udi na karafuu na kitambaa kipya, imekuja na hewa ya baridi ikamgusa usoni. Ilidumu dakika chache, kisha ikafifia. Kesho yake akawasha tena, na ikaja tena.

Hakumwambia mtu. Hata binti yake Mwamvita, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi naye, hakujua. Mwamvita aliona tu kwamba mama yake anakohoa. Kikohozi kilianza kidogo, kikakaa, na kiangazi cha mwaka uliofuata kikawa pumu kabisa. Daktari akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akauliza kama chumbani kuna vumbi, moshi au ukungu. Mwamvita akainua macho pale kitandani siku hiyo, akaona vidoadoa vyeusi vimejipanga kwenye mdomo wa kiyoyozi. Akampigia Paskazia.

Paskazia alikwenda mara ya kwanza, akapokewa vizuri, akapewa chai. Alipoanza kupandisha ngazi chumbani, Bi Zuwena akamwambia aoshe boksi la nje tu, la ndani liko salama. Paskazia akaeleza kwamba la nje halimkohozi mtu. Bi Zuwena akamjibu kwa upole kwamba hilo la nje ndilo analomwomba aoshe. Mara ya pili ikawa vilevile. Mafundi wamezoea watu wagumu, naye alidhani ni mmoja wa wale wanaoogopa kwamba kitu kikifunguliwa hakitafungika.

Mara ya tatu Mwamvita alimpigia Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa amekwenda kwenye hitma Kwihara na asingerudi mpaka adhuhuri. Mwamvita akamsihi aje sasa hivi, aoshe kila kitu, amalize, na mama akirudi atakuta hewa safi na hatajua kilichotokea. Paskazia akakubali. Hilo ndilo kosa lake, na huwa analisimulia bila kujitetea. Alisema moyoni kwamba mgonjwa wa pumu haombwi ruhusa.

Akazima swichi kuu, akafunga mfuko mkubwa wa nailoni chini ya kiyoyozi ili maji yaingie ndooni, akapanda ngazi, akafungua kifuniko. Maishani mwake ameshakutana na mijusi iliyokauka, viota vya panya, hata nyuki mara moja huko Igalula. Kilichomshukia siku hiyo kilikuwa harufu nzuri. Ilikuwa nzito, tamu, ya msikitini na ya arusi, na chini yake, kwa pua ya fundi, ilikuwa na kitu kingine kibichi kama pishi lenye unyevu. Chujio lilikuwa la rangi ya asali, linanata. Vibati vyembamba vya ndani, vile vilivyopangana kama kurasa za kitabu, vilikuwa vimegandamana, na juu ya ule utomvu ukungu ulikuwa umeota mweusi.

Alikuwa ameshika chujio mkononi mlango ulipofunguka. Bi Zuwena alikuwa amebanwa na kikohozi huko hitmani, wakamrudisha mapema.

Paskazia anasema angependa angepigiwa kelele. Bi Zuwena aliegemea mlango, akapumua, akatembea taratibu mpaka kitandani, akakaa. Akauliza, "Umeshaosha?"

"Bado, Bibi."

"Hata tone la maji?"

"Hata tone."

"Basi rudisha kama ulivyolikuta."

Akalirudisha. Mwamvita alisimama ukumbini akilia kimyakimya. Paskazia akakusanya vyombo vyake, akaaga, akaondoka bila kudai chochote.

Wiki hiyo aliharibika. Nilimwona mwenyewe: anaosha ndoo iliyokwisha oshwa, anamjibu mumewe Shigela kabla hajamaliza kuuliza. Nilimuuliza kama kuna mtu amemdhulumu. Akasema hapana, safari hii ni yeye.

Jumatatu iliyofuata alivaa gauni lake la kanisani, akaacha ngazi nyumbani, akaenda Gongoni kwa miguu. Bi Zuwena alikuwa uani anachambua mchele. Paskazia alipiga shikamoo, akaitikiwa marahaba, lakini hakukaribishwa kiti. Akachutama palepale chini, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua naye.

"Bibi, nimekuja kuomba radhi. Niliingia chumbani mwako kama mwizi."

Bi Zuwena akasema ameshasamehe, aliyemtuma ni mwanawe. Paskazia akajibu kwamba ametumwa, ndiyo, ila miguu ilikuwa yake. Kisha akamweleza jambo ambalo, nadhani, hakuwa amemweleza mtu. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa ameshakaa mjini miaka sita. Alikwenda kuzika, na matanga yalipoanuliwa akataka kumsaidia mama yake. Akachukua koti la baba, lile la kuvaa banini, lililojaa moshi wa miaka yote, akalipeleka mtoni akalifua kwa kipande kizima cha sabuni mpaka maji yakatoka meupe.

"Mama alilikuta kwenye kamba," alisema. "Hakunigombeza. Baada ya miaka miwili ndipo aliponiambia kwamba alikuwa anataka kulalia lile koti. Nililifua mimi mwenyewe, Bibi, na nilidhani nasaidia. Juzi niliposikia harufu ile juu ya ngazi nilijua, na bado ningeosha kama usingerudi."

Bi Zuwena aliacha kuchambua. Akamwita ndani, akafunga mlango wa chumba, akabonyeza rimoti. Harufu ikaja. Wakakaa wawili kitandani, Mwislamu wa Gongoni na Mkatoliki wa Goweko, mpaka ilipofifia. Ndipo Bi Zuwena akamweleza yote, kuanzia ile alasiri ya kwanza. Alimweleza hata jinsi mumewe alivyokuwa mgomvi wa mchuzi, na jinsi alivyomficha daktari kwamba bado anakunywa kahawa.

Paskazia alisikiliza, kisha akasema alichokuja kusema, na hakukipunguza.

"Siwezi kukudanganya. Udi wa mzee umo, lakini ukungu umeota juu yake. Ukivuta kimoja umevuta vyote."

"Na kikioshwa kitabaki nini?"

"Hewa, Bibi."

"Hewa tu?"

"Hewa tu."

Bi Zuwena akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. Akamwambia aende salama, atamwita akiwa tayari, na asimshawishi. Paskazia hakumshawishi. Mwamvita alipompigia simu kumwomba ajaribu tena, alimjibu kwamba sasa ameahidi, na mara hii atatimiza. Ilikuwa ngumu, maana wiki ya pili Bi Zuwena alilazwa siku tatu, na Paskazia alikwenda wodini na uji wa ulezi, akakaa pembeni ya kitanda, akaongea habari za mvua zilizochelewa na bei ya maharage, na neno kiyoyozi halikutoka mdomoni mwake.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja simu ililia asubuhi. Alikuwa Bi Zuwena mwenyewe, kwenye simu ya bintiye.

"Njoo Alhamisi na vyombo vyako. Lakini chujio nitaosha mimi."

Alhamisi hiyo Paskazia alikwenda na bomba lake, brashi tatu, na barakoa mbili. Alimvalisha Bi Zuwena moja, akamweka uani juu ya mkeka, mbali na mlango, na hakumruhusu kuingia chumbani kabisa. Akaweka beseni la maji vuguvugu yenye sabuni mbele yake, akalichomoa chujio akamletea. Alimwonyesha: usisugue kwa nguvu, utatoboa, pitisha brashi upande mmoja, kufuata uzi, geuza, suuza kwa maji yanayotiririka upande wa nyuma ili uchafu usirudi ndani. Bi Zuwena alishika kile kipande cha plastiki kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto wa siku saba.

Alipoliingiza majini, harufu ikapanda. Maji vuguvugu yaliamsha udi wa miaka sita, ukajaa uani, ukaruka ukuta. Jirani wa nyuma, mama mmoja aitwaye Recheli, aliuliza kutoka kwake kama kuna arusi. Mwamvita alisimama kizingitini na kitambaa usoni. Ndipo alipoelewa, na hakuna aliyemweleza. Akaja akakaa mkekani kando ya mama yake, akamshikia beseni.

Ndani, Paskazia aliendelea na kazi yake. Alipulizia maji kwenye vile vibati kutoka juu kwenda chini, polepole, asije akavikunja. Akasugua gurudumu la feni, kila ukuta wa kila kijumba chake, kwa mswaki. Akafungua trei ya chini inayopokea jasho la mashine, akakuta imeziba kwa uteute, akaisafisha na kuupuliza mpira wa kutolea maji mpaka nje yakasikika yakidondoka ardhini. Ilimchukua nusu ya siku. Ndoo yake ilijaa mara nne. Safari hii hakumwita mtu kuja kuangalia. Alizibeba mwenyewe, akazimwaga kwenye shimo la choo, akarudi.

Huku uani Bi Zuwena aliosha chujio lile mpaka likawa jeupe, na akaendelea kuliosha likiwa jeupe. Alikuwa akiongea muda wote, na Mwamvita anasema alisikia habari za baba yake ambazo hakuwahi kuzisikia: kwamba posa yake ilikataliwa mara mbili, kwamba aliwahi kushona kanzu ya bwana arusi usiku kucha akaikosea mkono, na bwana arusi akaoa mkono mmoja umekunjwa, kwamba kila kifurushi cha udi kilipofika kwa treni alikwenda stesheni mwenyewe, hataki kutuma mtu. Mwamvita alilia, kisha akacheka, kisha wakacheka wote wawili mpaka Paskazia akatoka kuchungulia.

Chujio lilipokauka kivulini, Paskazia alilirudisha. Akawasha swichi kuu. Akampa Bi Zuwena rimoti.

Kiyoyozi kilikuwa kimya kuliko zamani, na hewa ilitoka kwa nguvu, ikapeperusha pindo la chandarua. Bi Zuwena alikaa mahali pake kitandani, akavua barakoa, akavuta pumzi. Akavuta tena. Paskazia anasema hapo alitamani kuwa mahali pengine popote.

"Haina harufu ya mtu," Bi Zuwena akasema.

"Haina, Bibi."

"Baridi tu."

Hakulia. Aliomba aachwe. Walikaa ukumbini wakimsikiliza, Paskazia na Mwamvita, na baada ya robo saa Mwamvita akainuka kwenda kuchungulia kwa sababu hakusikia kikohozi. Akamkuta amelala ubavu, upande wa ukutani, upande wa mumewe, anapumua kama mtu mwenye afya.

Sitasema pumu iliisha. Daktari amemwambia ataishi nayo, na dawa yake bado ipo chini ya mto. Lakini hajalazwa tena tangu siku ile, na amepanda gari mara mbili kwenda Nzega kusalimia ndugu. Udi anafukiza bado, kila Alhamisi, ila sasa chetezo kinakaa uani, na chumbani hakiingii.

Mwezi mzima wa kwanza, hata hivyo, alikuwa na huzuni ambayo ilimtia Paskazia wasiwasi. Alipita kila siku ya pili akitoka kazini, hata kwa dakika tano. Mara nyingine alimkuta hataki kuongea, akafagia uani akaenda zake. Mara nyingine walikunywa kahawa. Siku moja Bi Zuwena alimwambia kwamba amegundua jambo: zamani akiwa na ile harufu, alikuwa akimkumbuka mumewe kwa dakika chache, kisha anangoja kesho. Sasa hamngojei, na kwa hiyo anamwaza wakati wowote, akiwa jikoni, akiwa njiani, hata akiwa anagombana na muuza nyanya. Hakusema kama ni afadhali au ni vibaya zaidi. Alisema tu ndivyo ilivyo.

Kuosha chujio alikuchukua kama ibada. Kila baada ya wiki mbili, saa tatu asubuhi, beseni linatoka. Miaka sabini na nne, na anapanda kigoda mwenyewe, jambo ambalo Mwamvita na Paskazia wamelipigia kelele bila mafanikio. Mtaani ameanza kuwakagua majirani. Akiingia nyumba yenye kiyoyozi huangalia juu kabla ya kukaa, na mwenye nyumba anayekohoa hana raha naye. Nusu ya wateja wa Paskazia wa Gongoni na Kanyenye wametumwa na bibi huyo, na wengine wanakuja wameshaambiwa kila kitu, mpaka upande wa kuelekezea brashi.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama yake Paskazia, mama Marcelina, alikuja mjini kutoka Goweko kwa kliniki ya macho. Nyumba ya Paskazia ilikuwa imeezuliwa bati upande mmoja kwa ukarabati, mvua inanyesha, pa kumlaza mgonjwa hapakuwapo. Paskazia alipolitaja hilo Gongoni kama habari tu, Bi Zuwena akauliza huyo mama analetwa saa ngapi. Akamwandalia kitanda cha pili chumbani mwake, chini ya kiyoyozi.

Paskazia alikuwa na mashaka. Mama yake ana maneno machache na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi. Alisahau kwamba watu wa Gongoni wamekaa na Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Asubuhi yake alipokwenda kumchukua mama yake kumpeleka hospitali alisikia sauti zao tangu barazani, zote mbili kwa Kinyamwezi, ya Bi Zuwena ikivuta maneno kwa lafudhi ya mjini. Walikuwa wanaongea habari za kuchagua mbegu za karanga.

Chumbani madirisha yote yalikuwa wazi na kiyoyozi kimezimwa. Paskazia, fundi hata mbele ya mama yake, aliuliza mara moja kama kimeharibika.

"Kizima kabisa," Bi Zuwena akamjibu. "Kilikuwa kinanguruma, na sisi tunaongea."

Mama Marcelina akasogea kidogo kitandani kumpisha binti yake, akamwambia akae, waende hospitali mwenyeji akimaliza kueleza.